Wanawake wa Raniganj na Jharia: Sheria Iliyowatoa Gizani Ikawaacha Mikono Mitupu

Mtu akisoma historia ya makaa ya mawe nchini India, hukutana kwanza na majina ya makampuni, ya njia za reli na ya mabwana waliomiliki ardhi. Majina ya wale waliobeba makaa hayo hayakuandikwa. Hata hivyo, karibu na mwaka 1920, zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wote wa machimbo ya makaa ya India walikuwa wanawake. Walishuka chini ya ardhi pamoja na waume zao, wakajaza makapu, wakayabeba kichwani, wakamwaga, wakarudi tena. Kisha, kati ya mwaka 1929 na 1937, sheria ikawatoa humo hatua kwa hatua. Vita vilipokuja wakaitwa tena. Vita vilipokwisha wakaambiwa watoke.

Tafakari hii inafuata kisa chao tangu mwanzo, kwa kuwa kinatuwekea mbele swali ambalo kila anayependa haki hana budi kulijibu: kumlinda mtu bila kumwuliza neno, na bila kumwonyesha njia nyingine ya kupata chakula, ni kumtendea haki?

Ardhi ilipotea kwanza

Makaa ya mawe yalianza kuchimbwa huko Raniganj, katika Bengal, kando ya mto Damodar, mwaka 1774. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa ndogo. Makaa yalisafirishwa kwa mashua hadi Calcutta wakati mto umejaa, na mto ukipungua biashara nayo hulala. Mwaka 1836 mfanyabiashara Mbengali Dwarkanath Tagore, babu yake mshairi Rabindranath Tagore, alinunua machimbo ya Raniganj, na mwaka 1843 ikaundwa Bengal Coal Company. Lakini kilichogeuza mambo ni reli. Mwaka 1855 garimoshi lilifika Raniganj. Tangu hapo makaa yalihitajika kwa wingi usio na kifani: kuendesha magarimoshi yenyewe, kisha viwanda vya juti na pamba, kisha meli. Katika miaka ya 1890 reli ilifika Jharia, katika jimbo ambalo leo linaitwa Jharkhand, na kwa muda mfupi Jharia ikaipita Raniganj.

Mwaka uleule wa 1855 ambao garimoshi lilifika Raniganj, Wasantali, mojawapo ya makabila asilia ya eneo hilo, waliasi chini ya uongozi wa ndugu Sidhu na Kanhu. Walikuwa wamechoshwa na wakopeshaji fedha, na wenye kukusanya kodi, na udhalimu waliotendewa na wasimamizi wa ujenzi wa reli. Uasi ulizimwa kwa risasi. Mambo hayo mawili, reli na uasi, yanatusaidia kuelewa wachimbaji walitoka wapi. Watu walioshuka machimboni hawakutafuta giza. Walikuwa wakulima ambao mashamba yao yalikuwa yakiwaponyoka mikononi kwa deni, kwa kodi na kwa hati wasizoweza kuzisoma.

Hali hiyo ilienea katika nyanda za Chotanagpur pia. Huko ndiko alikofika mwaka 1885 padri Mjesuiti kutoka Ubelgiji, Constant Lievens. Alijifunza sheria za ardhi na lugha za wenyeji, akawasaidia Wamunda na Waoraoni kutetea mashamba yao mahakamani na kukataa kazi za lazima walizotozwa na mabwana. Alifariki Leuven mwaka 1893, akiwa na miaka 37 tu. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mwaka huohuo Wajesuiti wa Ubelgiji walianza misheni ya Kwango, hapa Kongo. Lievens alitambua jambo ambalo wengi hawakuliona: aliyepokonywa shamba leo, kesho atakubali kazi yoyote na ujira wowote.

Makampuni nayo yalilielewa jambo hilo, ila kwa nia nyingine. Bengal Coal Company na wengine walinunua haki za ubwana wa ardhi juu ya vijiji vizima. Mkulima akapewa kipande cha shamba kwa sharti kwamba yeye na jamaa yake watafanya kazi mgodini siku kadhaa kwa mwaka. Asipofanya, shamba linarudi kwa kampuni. Kwa namna hiyo mwajiri na mwenye ardhi wakawa mtu mmoja, na familia nzima ikafungwa kwenye shimo kwa kamba ya shamba.

Kazi ya watu wawili

Kazi ya mgodi ilipangwa kwa familia. Mwanamume aliitwa malkata, yaani mkata makaa. Alishika sululu, akapasua ukuta mweusi. Mke wake, au dada yake, au mama yake, alikuwa kamin, neno lililotumika kwa mwanamke kibarua. Yeye alikusanya makaa yaliyoanguka, akayatia katika kapu, akalitua juu ya ngata kichwani, akatembea katika njia nyembamba yenye dari ya chini mpaka mahali pa vigari vya chuma, akamwaga. Kisha akarudi. Katika machimbo yenye mteremko alipanda na kapu hadi juu kwenye mwanga wa jua. Katika machimbo ya zamani yenye shimo la kwenda chini wimawima, wanawake ndio waliosukuma magurudumu makubwa ya mbao yaliyovuta makaa na watu kutoka chini.

Walikuwa wengi wa jamii za Wabauri, Wasantali, Wabhuiya na wengineo waliohesabiwa chini kabisa katika ngazi ya jamii ya Wahindi. Malipo yalihesabiwa kwa kigari kilichojaa. Sikiliza hesabu hiyo vizuri: kigari hakilipwi mpaka kijazwe, na anayekijaza ni mwanamke, lakini ujira ulitolewa kwa kikundi, na mara nyingi ukaingia katika mkono wa mwanamume. Juu yao alikuwapo mnyapara, na juu ya mnyapara mkandarasi aliyelipwa na kampuni kwa kila tani, naye akakata fungu lake kabla hajawalipa. Kigari kikionekana hakijajaa vema, au kimechanganyika na mawe, malipo yalipunguzwa. Aliyekijaza hakuwa na wa kumlalamikia.

Watoto je? Mama mwenye mtoto mchanga alishuka naye. Akamlaza pembeni, juu ya kitambaa, karibu na taa ya mafuta, ili aweze kumnyonyesha kati ya kapu na kapu. Hewa ya chini ilikuwa nzito, yenye vumbi na joto. Dari iliweza kuanguka. Maji yaliweza kuingia ghafla. Kila mtu alilijua hilo. Lakini huko juu hapakuwa na mtu wa kumwachia mtoto.

Ni lazima tuseme ukweli wote. Kazi hiyo ilikuwa ya kikatili, na hakuna heshima katika kuipamba. Lakini kwa mwanamke aliyekuwa hana shamba, ilikuwa pia chanzo cha fedha ambazo familia haikuweza kuishi bila hizo. Mume peke yake, bila mbebaji, alikuwa mkata makaa asiyeweza kujaza kigari. Wawili pamoja walikuwa kipato kimoja. Mambo haya mawili, ukatili wa kazi na ulazima wa fedha yake, yashikwe pamoja. Anayeshika moja tu hataelewa yaliyofuata.

Sheria inakuja

Nchini Uingereza bunge lilikuwa limewakataza wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi tangu mwaka 1842. Taifa lilelile likaitawala India, na makampuni mengi ya makaa yaliongozwa na watu wake. Lakini kwa miaka 87 lililokatazwa kwao liliruhusiwa kwa Wahindi. Wenye machimbo walikuwa na hoja zao: kwamba makabila haya yalizoea kufanya kazi kwa familia, kwamba mke akikatazwa mume naye ataondoka, kwamba makaa yatapanda bei. Walichokuwa wakikitetea hasa ni mfumo uliowapa wafanyakazi wawili kwa ujira mdogo.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia mambo yalianza kusogea. Shirika la Kazi Duniani liliundwa mwaka 1919, na India ikawa mwanachama tangu mwanzo. Sheria ya Machimbo ya mwaka 1923 ilikataza watoto wa chini ya miaka 13, si kufanya kazi tu, bali hata kuwapo chini ya ardhi. Ilikuwa sheria njema. Lakini fikirini maana yake kwa mama mwenye mtoto wa kunyonya. Sheria ilisema mtoto asishuke. Haikusema nani atamlea huko juu. Vituo vya kulelea watoto vilikuwa vichache mno, na vingi vilikuja miaka mingi baadaye.

Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilitoa kanuni za kuwaondoa wanawake chini ya ardhi. Hawakuondolewa siku moja. Katika machimbo ya makaa ya Bengal, Bihar na Orissa, na Majimbo ya Kati, idadi yao isizidi asilimia 29 ya wafanyakazi wa chini, na kiwango hicho kipungue kwa 3 kila mwaka hadi wamalizike mwaka 1939. Katika machimbo ya chumvi ya Punjab walianza na asilimia 40, ikipunguzwa kwa 4 kila mwaka. Kisha mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 45 uliokataza kazi ya wanawake chini ya ardhi katika machimbo ya namna yoyote, na India ikaharakisha: mwaka 1937 mlango ukafungwa kabisa.

Waliopigania katazo hilo walikuwa watu wa nia njema: viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wanawake waliosoma, wabunge waliochukizwa na habari za watoto kulala kwenye vumbi. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuona uovu na kutaka uishe. Lakini tukitafuta katika mjadala huo sauti ya kamin mwenyewe, tunaikuta mara chache sana.

Kilichotokea baada ya mlango kufungwa

Mwanamke aliyeondolewa chini hakulipwa fidia. Hakupewa shamba lililopotea. Hakufundishwa kazi nyingine. Wengine walipata nafasi juu ya ardhi: kupakia mabehewa, kuchagua mawe kati ya makaa, kubeba udongo katika machimbo ya wazi, kazi zilizolipwa kidogo zaidi. Wengine walirudi kijijini, mahali walipokuwa wametoka kwa sababu kijiji hakikuwalisha. Kipato cha familia kilipungua, maana sasa mume alihitaji mbebaji mwingine, naye alitaka sehemu yake.

Jambo moja linafaa kuangaliwa kwa makini. Wenye machimbo waliokuwa wamepinga sana katazo hilo hawakuumia kama walivyotabiri. Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya mdororo wa uchumi wa dunia. Makaa hayakuuzika, na kupunguza watu kulikuwa kwa faida yao. Mashine nazo zilianza kuingia. Kwa hiyo mzigo wote wa mageuzi uliangukia mabega yaleyale yaliyokuwa yakibeba makapu. Wahenga walisema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa tembo hawakupigana sana. Walipatana, na nyasi zikaumia vilevile.

Vita vinawaita tena

Mwaka 1943 vita vya pili vya dunia vilikuwa vimefika mpakani mwa India. Jeshi lilihitaji reli, na reli ilihitaji makaa. Lakini wachimbaji walikuwa wakiondoka machimboni kwenda kwenye ujenzi wa viwanja vya ndege na barabara za kijeshi, ambako ujira ulikuwa mzuri zaidi. Bei ya chakula ilipanda sana. Bengal ilikumbwa na njaa iliyoua mamilioni ya watu. Katika hali hiyo, kuanzia Agosti 1943, serikali ililegeza katazo, kwanza katika Majimbo ya Kati, kisha kabla ya mwaka kwisha katika Bengal, Bihar na Orissa. Wanawake wakashuka tena.

Aliyesimamia wizara ya kazi katika baraza la mtawala wa Kiingereza wakati huo alikuwa Bhimrao Ramji Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii ya wale waliotengwa na wengine wote, ambaye baadaye aliongoza kamati iliyoandika katiba ya India huru. Lawama zilikuwa kali. Mkutano wa Wanawake wa India Yote ulipinga, na huko London pia maswali yaliulizwa bungeni. Mwezi Februari 1944 Ambedkar alijitetea mbele ya bunge la Delhi. Alisema kwamba hatua hiyo ni ya dharura na itakoma dharura ikikoma. Tena akasisitiza kwamba wanawake hao walipwe sawa na wanaume kwa kazi iliyo sawa, kanuni ambayo kwa maneno yake ilikuwa ikiwekwa kwa mara ya kwanza katika kazi za viwandani nchini humo.

Je, alikosea? Wanahistoria wanaweza kubishana. Sisi tuangalie yale ambayo wakati huo ulifunua. Serikali iliyosema mwaka 1937 kwamba shimo si mahali pa mwanamke, ilisema mwaka 1943 kwamba ni mahali pake, na tarehe 1 Februari 1946 ikasema tena kwamba si mahali pake. Mwili wa mwanamke haukubadilika katika miaka hiyo 9. Hatari ya dari kuanguka haikubadilika. Kilichobadilika ni haja ya makaa. Ulinzi unaotolewa na kuondolewa kwa kufuata bei ya bidhaa una jina lingine.

Hata hivyo katika miaka hiyo yalipatikana mambo ya kudumu. Mwaka 1941 ilipitishwa sheria ya likizo ya uzazi yenye malipo kwa wanawake wa machimboni, na mwaka 1944 ukaanzishwa mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa makaa, uliochangiwa kutoka kila tani, kwa ajili ya hospitali, maji na nyumba. Haya ndiyo mambo ambayo yangepaswa kutangulia katazo, lakini yalikuja nyuma yake.

Baada ya uhuru

India ilipata uhuru mwaka 1947. Sheria ya Machimbo ya mwaka 1952 ililiweka katazo katika kifungu chake cha 46: mwanamke asifanye kazi chini ya ardhi, na juu ya ardhi afanye kati ya saa 12 asubuhi na saa 1 jioni tu. Kati ya mwaka 1971 na 1973 machimbo yalitaifishwa, na mwaka 1975 ikaundwa Coal India, kampuni kubwa ya serikali. Kwa wanaume wengi taifisho lilileta mshahara wa mwezi, nyumba na pensheni. Kwa wanawake lilileta mashine zilizochukua kazi ya kupakia, na mipango ya kuwashawishi wastaafu mapema ili nafasi yao apewe mwana au mkwe. Kazi ya makaa ilipoanza kuwa kazi nzuri, ilikoma kuwa kazi ya mwanamke. Idadi yao ikashuka chini ya asilimia 10.

Lakini hawakuondoka kwenye makaa. Huko Jharia, ambako moto umekuwa ukiwaka chini ya ardhi tangu mwaka 1916, wanawake bado hukusanya makaa pembezoni mwa machimbo, huyachoma ili kuyapunguzia moshi, huyafunga katika makapu na kuyauza sokoni kwa wapishi wa vibandani. Sheria huwaita wezi. Mabibi zao walibeba makaa hayohayo na wakaitwa wafanyakazi.

Mwaka 2019 serikali ya India iliruhusu tena wanawake kufanya kazi chini ya ardhi, kwa ridhaa yao ya maandishi na katika kazi za kiufundi na usimamizi. Miaka miwili baadaye kampuni moja tanzu ya Coal India ilimpokea mhandisi wake wa kwanza wa kike wa machimbo ya chini ya ardhi. Ni habari njema. Ila aliyeingia kwa mlango huo mpya ni binti mwenye shahada. Mjukuu wa kamin, asiyekwenda shule, bado yuko pembezoni na kapu lake.

Wanawake walioulizwa

Ili tusibaki katika huzuni, tuangalie upande wa magharibi wa India, mji wa Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo. Huko mwaka 1971 kikundi cha wanawake wahamiaji waliofanya kazi ya kuvuta mikokoteni na kubeba marobota ya vitambaa kichwani kwenye soko la nguo walimwendea mwanasheria Ela Bhatt, aliyeongoza tawi la wanawake katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Walilala barabarani, na wafanyabiashara waliwalipa kwa kukadiria, bila hesabu ya safari walizobeba.

Bhatt aliwasikiliza kwanza. Kisha akaandika gazetini juu ya hali yao. Wafanyabiashara wakajibu gazetini kwamba si kweli, kwamba wao huwalipa vizuri, wakataja na viwango. Wanawake wakafanya jambo la werevu: viwango hivyo vilivyotajwa na wafanyabiashara wenyewe vilichapwa kwenye kadi, kila mbebaji akachukua yake, akaenda nayo dukani kudai alipwe kama tajiri alivyoandika.

Desemba ya mwaka huo wauzaji wa nguo kuukuu nao wakaja, mkutano ukaitishwa, na zaidi ya wanawake 100 wakakusanyika. Mmoja wao akapendekeza waunde chama chao wenyewe. Ndipo kilipozaliwa SEWA, Chama cha Wanawake Waliojiajiri. Ofisi ya kazi ilikataa kukisajili: chama cha wafanyakazi kinawezaje kuwapo bila mwajiri wa kupingana naye? Wakajibu kwamba chama kipo ili kuwaunganisha wafanyakazi, si lazima kiwe na adui. Aprili 1972 kikasajiliwa. Mwaka 1974, wakiwa wamechoka kuwa mateka wa wakopeshaji, wanachama 4000 walitoa rupia 10 kila mmoja wakaanzisha benki yao. Msajili alihofu kwamba wasiojua kusoma hawawezi kumiliki benki. Wanawake 15 waliotakiwa kutia sahihi walikesha usiku wakijifunza kuandika majina yao, na asubuhi wakasaini bila kusitasita. Katika vitabu vya akiba wakaweka picha ya mwenye akaunti, ili asiyejua kusoma asiibiwe. Ela Bhatt alifariki mwaka 2022; chama hicho kilikuwa kimeshapita wanachama milioni 2.

Tofauti kati ya Jharia na Ahmedabad haimo katika uzito wa mzigo. Makaa na marobota yote huvunja shingo. Wala hatusemi kwamba sheria haina kazi. Bila sheria, watoto wangeendelea kulala kwenye vumbi. Tofauti imo katika mwanzo wa jambo. Huko Jharia watu wema waliuona mzigo, wakaamua kuuondoa, wasimwone vema aliye chini ya mzigo. Huko Ahmedabad aliyebeba mzigo alisema kwanza: nalala wapi, nalipwa vipi, nadaiwa na nani. Benki, kadi na sahihi vilifuata maneno yake.

Tutafakari pamoja

Vijana wapendwa, katika miji yetu wamo akina mama wanaobeba mizigo kwa mgongo na kwa kichwa, na wamo wanaoosha madini katika maji machafu. Mara kwa mara hutoka amri ya kuwafukuza mahali fulani, na mara nyingi amri hiyo ina sababu za kweli: afya, usalama, watoto. Historia ya Raniganj na Jharia haituambii kwamba amri kama hizo ni mbaya daima. Inatuambia tuulize maswali mawili kabla ya kupiga makofi: wao wenyewe walisema nini, na kesho asubuhi watakula nini? Amri isiyoweza kuyajibu hayo mawili haijakamilika, hata kama aliyeitoa alikuwa na moyo mwema.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika kisa cha machimbo ya India, ni nani walionufaika na kazi ya wanawake, na ni nani walionufaika walipotolewa? Je, kuna anayeonekana katika orodha zote mbili?

2. Kama ungekuwa miongoni mwa watunga sheria wa mwaka 1929, ungetaka mambo gani yatangulie katazo?

3. Katika mtaa wenu, ni kazi gani nzito ya akina mama ambayo watu huihurumia, lakini hawajawahi kukaa na kuwauliza wanaoifanya? Chagueni mtu mmoja au wawili wa kwenda kuwasikiliza kabla ya mkutano ujao, bila ahadi na bila hotuba, kisha walete kwa wenzao yale waliyoambiwa.